Enoka Awasubiri Nyuki Kabla ya Mvua

Jua bado halijapanda, na Enoka Simbeye yuko juu ya mti, sikio amelibandika kwenye mzinga wa gome. Chini, mkewe Roda anasubiri, nami mwandishi niko kando yake. Enoka anatikisa kichwa, anashuka, tunaelekea mti mwingine.

Ni mwisho wa Septemba 1953, mwituni karibu na Mpemba. Mvua haijanyesha tangu Aprili na vumbi linafika vifundoni, lakini miyombo imekwisha kuvaa majani machanga, mekundu kama pilipili mbivu. Maua yatafuata, na nyuki huja na maua.

Wasipokuja mwaka huu, Enoka atavuka mpaka kwenda migodi ya shaba, alikotafutiwa kazi na kaka yake, Jonasi. Roda hataki hata kuisikia habari hiyo. Blanketi la safari amelifunga kwa sababu tu ameambiwa alifunge.

Chanzo cha shida hii ni milima ya Ileje. Mwaka juzi, wakati wa kiangazi, Enoka alikwenda ukweni. Huku kwao miti ilikuwa imebaki fito. Kule ukungu umelalia msitu na majani yanadondosha maji. Akaona amepata pori lisilokauka. Shemeji yake, Watson, alimwambia kwa upole kwamba ubichi si asali. Sikio la kufa halisikii dawa: Enoka akahamishia huko mizinga yake yote. Magome yakaota kuvu, masega yakaoza, nyuki wakahama.

"Kule maji yako hewani, mti unakunywa mwaka mzima, hauna haraka ya kuchanua," anasema sasa. "Huku mti unayaficha chini. Joto likipanda, unayatoa yote kwa pamoja, mvua yenyewe haijafika. Nyuki wanajua. Mimi ndiye niliyesahau."

Mvua zilizopita alichuna magome mapya, maana kiangazi gome hung'ang'ania mti. Akatengeneza mizinga kumi na sita, akaipaka nta. Kila asubuhi anaizungukia, na mpaka leo yote ilikuwa kimya.

Kwenye mti mmoja karibu na kijito kilichokauka, anakawia. Roda anauliza kuna nini. Enoka analibandika sikio tena.

"Wanavuma, mama Anyitike," anasema hatimaye, kwa sauti ya mtu aliye kanisani.

Anaposhuka macho yamemlowa, wala hayafichi. Mzinga mmoja si kumi na sita, anakiri, lakini nyuki wakishashika njia, wengine hufuata. Jonasi atapelekewa salamu tu.

"Asali ya kwanza ni ya shemeji Watson. Nitaipandisha Ileje mwenyewe, nikamwambie alisema kweli."

Roda ameshatangulia, anatembea haraka. Tunapofika nyumbani, tunakuta blanketi la safari limefunguliwa, limeanikwa juani.