Viti Vinavyolala Nje

Mama yangu hajawahi kuacha kiti chake nje usiku. Kwenye nyumba yake ya matofali huko Dzaleka, kambi ya wakimbizi, ana kiti kimoja kifupi cha mbao. Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, anakitoa na kukiweka kando ya mlango. Jua likizama anakirudisha ndani. Nilidhani anaogopa wezi, na kwa haraka zangu sikuwahi kumuuliza.

Mimi kazi yangu ni viti vya aina nyingine. Natunza bustani ya gesti moja hapa Lilongwe, na hasa meza na viti vyake vya mahogani, ambavyo vinakaa nje mwaka mzima. Ndege wanavinyea, mvua inaviotesha ukungu, vumbi la kiangazi linaingia katika kila ufa, na jua linavipausha mpaka vinakuwa kijivu. Navisugua kwa brashi na maji ya sabuni, nikifuata mistari ya mbao, maana ukiikata mistari unaacha mikwaruzo. Naviacha vikauke kivulini ili visipasuke. Halafu msasa, halafu mafuta ya mbao, kidogo tu kwa kitambaa, na yanayobaki juu nayafuta. Naanza na miguu, kwa sababu miguu ndiyo inayokunywa maji ya kwenye majani na kuoza kabla ya kitu kingine. Kazi yenyewe haiishi. Nikimaliza kiti cha mwisho, cha kwanza kimeshaanza kuchakaa. Inanifaa. Mimi ni mtu nisiyeweza kukaa. Hata kanisani nasimama nyuma.

Mwaka mmoja mama alianguka. Presha ilimpanda akiwa peke yake ndani ya nyumba, majirani wakamkuta sakafuni. Baba alifariki tukiwa bado kwetu Fizi, na huku Malawi mimi ndiye mtoto pekee aliye naye. Tangu siku hiyo usingizi ulinipaa. Simu ikilia moyo unanidunda, isipolia ni vibaya zaidi. Nikamwomba madamu, mwenye gesti, mama aje akae nami katika chumba changu cha nyuma, karibu na hospitali. Alikubali bila kunizungusha. Nikaona sasa nimepata: mama atakuwa mbele ya macho yangu, na mimi nitapumua.

Jioni ya kwanza nilimkuta bustanini amekumbatia kiti, anakiburuta kuelekea verandani huku anahema.

"Mama, acha hiyo. Ni kiti ya inje," nikamwambia kwa Kiswahili chetu cha Fizi.

"Kiti ya inje njo nini?"

"Inalalaka inje."

"Kiti ya bei hivi? Na baridi hii?"

"Mama, mi njo mwenye kuitunza. Iache."

Alikiacha, lakini hakutulia. Wiki ile yote alizunguka viti vile, anavigusa, anavifuta umande kwa pindo la kitenge, anarudi chumbani, anatoka tena. Jua likishuka ndiyo balaa. Alisimama dirishani akivitazama, na mimi nikasimama nyuma yake nikimtazama yeye, na hapakuwa na mtu aliyekaa katika chumba kile. Nilianza kuchoka. Nilikuwa nimemleta apumzike, na kupumzika kwenyewe ndiko kulikokuwa kunamsumbua.

Mwisho akapata njia yake. Alikuwa amekuja na chupa ya mawese, yale mafuta mekundu ya michikichi, kutoka soko la Dzaleka, maana sombe, yaani kisamvu, bila mawese hali. Kwetu Fizi mawese ni dawa ya kila mbao: mpini wa jembe, mchi, mlango. Kama lazima viti hivi vilale nje, basi visilale vikavu. Siku moja alasiri nilikwenda mtaa wa Area 36 kununua msasa, na kabla sijarudi usiku akawa amevipaka vyote, mgongo, mikono na makalio.

Asubuhi nilivikuta vinang'aa. Nikapitisha kidole juu ya kimoja, kikatoka kikavu, nikajua mbao imeshayanywa. Kumbe wapi. Kwetu kando ya ziwa joto halitoki na mawese hayagandi. Lilongwe mwezi wa Juni asubuhi inauma masikio, na mawese yale yalikuwa yameganda juu ya mbao, yanasubiri jua. Si mama wala mimi aliyefikiria jambo hilo.

Siku hiyo kina mama wa kanisa moja la mjini walikuwa wamekodi bustani kwa mkutano wao, wote sare nyeupe, zimepigwa pasi hadi zinasimama zenyewe. Walikaa mapema, wakaimba, wakaomba, wakajadili mambo yao. Saa sita jua likapata nguvu. Wakasimama kwa sala ya kufunga, na mimi nilikuwa nyuma yao na trei ya soda. Sketi zote zilikuwa na rangi ya chungwa nyuma, kutoka safu ya kwanza hadi ya mwisho, na wenyewe wamefumba macho wanaomba. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Walipogundua, mmoja alicheka mpaka akashika tumbo. Wengine hawakucheka.

Mama alikuwa mlangoni mwa chumba chetu, mikono kichwani.

Madamu hakupiga kelele. Aliwatuliza wageni, kisha akaniita pembeni. Kwa Kichewa chake cha polepole akasema agogo, yaani bibi, ni mtu mzima, amechoka, asiguse kitu tena. Akae tu chumbani, apumzike, chakula ataletewa. Alisema kwa wema na ningekuwa mjinga kumlaumu. Nikaenda kumfasiria mama.

"Banasema nikae," mama akasema.

"Ndiyo, mama. Upumuzike."

"Nikae, nifanye nini?"

Kama mtu angeniambia mimi maneno yale, ningepanda ukuta.

Baada ya siku mbili alikunja vitenge vyake akafunga mfuko. Tuligombana. Nilimwambia anataka akafie peke yake ili mimi nibaki kujilaumu maisha yangu yote. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno, akabeba mfuko wake. Nilimsindikiza mpaka stendi, na njia nzima ya kurudi nililia.

Hasira zangu nikazimalizia kwenye viti. Maji ya moto, sabuni, jivu, brashi, halafu sisimizi waliofuata mafuta, halafu msasa, halafu kuanza upya. Vyote vilikubali isipokuwa kimoja. Mkono wake ulikuwa na ufa, mawese yalikuwa yameingia ndani kabisa, na kila jua likichomoza yanatoka upya. Madamu akasema nikitupe. Sikukitupa. Nilikifunga kamba juu ya basi la kuelekea Dzaleka, na kutoka barabara kuu kikaenda nyuma ya kabaza, mwenye baiskeli ananung'unika njia yote.

Mama alikizunguka, akakigusa mkono wenye ufa, akacheka kidogo.

"Hii ni nzito. Siwezi kuiingiza na kuitosha kila siku. Ikae inje."

Jioni aliinua kile kifupi akakiingiza ndani, na cha mahogani akakiacha. Hapo ndipo nilipouliza.

"Mama, kama unaogopa bezi, mbona unaficha kile kibovu na kizuri unakiacha?"

"Bezi gani?" Alinitazama kama mtu anayemtazama mgeni. "Sisi bamama benye tunalala peke yetu huku, tulipatana. Asubuhi kiti ikitoka, bantu banajua umeamuka. Isipotoka, banakuja kugonga. Siku nilianguka, unafikiri balinipata aje?"

Nilijua majirani walimkuta sakafuni. Sikuwahi kujiuliza ni nini kiliwafanya waje.

"Kule kwenu kiti inalala inje usiku muzima," akaendelea. "Sasa mutu akianguka, nani atajua?"

"Mi ningejua, mama."

"We uko kwa kazi."

Nilikaa kwenye kiti cha mahogani, mimi nisiyekaa, na nilipoinuka nilikuwa na doa nyuma. Asubuhi, kabla ya kuondoka, nilivuka njia nikampa jirani wa mbele namba yangu ya simu, mama mmoja wa Bukavu mwenye kiti chake cha plastiki mlangoni.

Siku hizi naanza kazi jua likiwa bado chini. Navifuta viti umande, nashika brashi, naanzia miguuni. Kisha simu inatikisika mfukoni na maneno ni yale yale: kiti imetoka. Ziko siku yanachelewa. Labda jirani hana salio, labda mtandao, labda mama ameamka taratibu. Siku hizo nasugua kiti kile kile kimoja mpaka kinakaribia kutoboka, na sikai.