Arnulfo na Sindano ya Ganzi

Mwaka wa kumi na moja huu napika katika nyumba ya wanaoacha unga wa kulevya hapa mtaa wa Siloé, mjini Cali, na nikikwambia nani hutafuna upande gani, usibishe. Ni udaku, najua. Lakini kuuliza si ujinga, na sahani ikirudi jikoni hunieleza mengi.

Arnulfo, mmoja wa wakazi wetu, alikuwa akichovya arepa, mkate wetu wa mahindi, kwenye maji moto ya sukari guru mpaka inalainika, kisha anaimeza nzimanzima. Mwanamume wa miaka arobaini na minne, mabega mapana, anakula kama kibogoyo! Nikamwuliza, akasema hana njaa. Nikamwuliza tena kesho yake, na keshokutwa, mpaka akachoka na mimi, akafungua mdomo. Juu kushoto ufizi ulikuwa umelika, mizizi ya meno matatu iko nje. Kulia kuzima kabisa. Hilo likaninyima usingizi: kwa nini upande mmoja tu?

Kumbe ilikuwa kazi yake. Miaka kumi na minane alikuwa mwonjaji wa wenye mzigo. Kokeni ikiletwa, anachovya kidole, anajisugua ufizini, palepale kila siku, anasikiliza ganzi inavyokuja, ajue kama ni safi. Wakubwa walimwamini yeye kuliko kipimo chochote. Jino likianza kumuuma, anasugua tena, maumivu yanakufa.

Hapa kwetu tumezoea: mtu akiacha, baada ya miezi michache meno yanaanza kudai haki yao, naye anadhani kuacha ndiko kulikomuumiza. Arnulfo alikuwa na miezi tisa bila kugusa kitu. Juma lile shavu likamvimba, jicho likabaki ufa.

Daktari Maritza, wa meno, anayekuja kila Alhamisi, alimpa vidonge vya usaha na kumwambia Alhamisi ijayo meno yale yanatoka, maana usaha ukirudi na kushuka shingoni utamziba pumzi. Arnulfo akakubali yote isipokuwa sindano. Alitaka ang'olewe kavukavu. Daktari akakataa katakata.

Nilipandwa na hasira. Nikamfuata uani, nikamwambia dawa ya jino ni kung'oa, na aibu gani hii, jitu zima linaogopa sindano.

"Sindano siiogopi, Mama Nubia," akasema. "Naogopa ganzi. Ikifika pale, mwili wangu unajua kinachofuata. Nitatoka kwa mlango ule, na hamtaniona tena."

Nikaenda kumwuliza daktari kama hakuna dawa nyingine. Akasema hakuna, na ya sindano si unga, haiendi kichwani, lakini ganzi ni ganzi, na ufizi hauwezi kuzitofautisha. Akasema itamkaa kwa muda wa saa tatu hivi.

Nilipompelekea Arnulfo jibu hilo alifikiri siku mbili. Halafu akaniomba nikae naye jikoni saa zote hizo. "Niulize maswali," akasema. "Wewe huwa huishiwi."

Alhamisi akang'olewa. Akaja jikoni, pamba mdomoni, shavu limekufa mpaka chini ya jicho, jasho linamtiririka. Nikamwuliza mama yake alikuwa akipika nini Jumapili. Nikamwuliza mwalimu wake wa kwanza aliitwa nani, na mbwa wao je. Alijibu kwa shida, macho yakiwa mlangoni. Mara ya kwanza alisimama akakaa. Mara ya pili akafika mlangoni, akashika kitasa. Sikumshika, ningemshikaje mimi na kimo hiki? Nikamwuliza tu kile nilichotaka kujua kweli.

"Sasa hivi ganzi inafanyaje, Arnulfo?"

Akafumba macho. Alisimama hivyo kitambo, akiisikiliza kwa makini, nadhani kama alivyokuwa akifanya kazini.

"Inaondoka," akasema. "Polepole. Inaanzia mdomoni."

Akaachia kitasa, akarudi kitini kunieleza: sasa imefika puani, sasa shavu limeanza kuwasha. Sijapata kusikia habari tamu kama ile. Mchuzi ukaungua, nikauacha uungue.

Baadaye akaushika ukingo wa meza kwa mikono miwili, uso umemkunjana.

"Inauma," akasema.

Nikamsogezea kidonge cha maumivu alichoacha daktari, pamoja na maji.

"Nitakimeza, mama. Ngoja kidogo tu," akasema, machozi yanamtoka. "Sijawahi kukaa mpaka ganzi iishe."