Stempu za Wangu

Nyumba ya Ngigi kule Elburgon haikuwa na picha hata moja, na usidhani ni umaskini. Akinunua kiberiti, alimwaga njiti kwenye kibuyu na boksi lenye picha akaliacha palepale dukani. Hata shilingi, kwa kuwa zilikuwa na kichwa cha mfalme, zililala nje chini ya jiwe. Watu walimcheka, naye akawaacha wacheke.

Hakuzaliwa hivyo. Kwa miaka kumi na mitatu yeye na Kiplangat walipasua mbao kwa msumeno wa watu wawili, Ngigi juu ya gogo, Kiplangat chini shimoni, wakivutana na kutaniana kutwa nzima. Mwaka wa hamsini na sita kiwanda kikaleta mashine. Kiplangat, aliyejua kusoma, akapewa kazi ya kusimamia mbao zikipakiwa stesheni. Ngigi akaambiwa kwaheri. Mkewe, Milcah, akafariki mwaka uo huo. Sasa mtu akibaki hivyo, mikono imezoea kuvuta na upande wa pili hakuna anayevuta, atashika chochote anachopewa.

Aliyempa cha kushika ni Ephantus, kiongozi wa watu wa vilemba vyeupe waliosali ukingoni mwa msitu. Ephantus alisema dunia inaharibiwa na vitu vya kuja, mashine na magazeti na sinema, na kwamba anayeingiza sanamu nyumbani kwake, hata ya kuchorwa, amemfukuza Roho. Ngigi alielewa kila neno, akafunga kilemba. Kabla ya hapo hakuna aliyekuwa amejisumbua kumweleza kwa nini maisha yake yamevunjika.

Wangu, binti yake wa pekee, alikataa kilemba. Akaenda Nakuru kujifunza unesi. Siku aliyoondoka baba yake hakumsindikiza hata hadi barabarani. Alishika jembe akalima viazi.

Baada ya miezi mitatu barua yake ikaja kupitia kiwandani, na Kiplangat akaileta mwenyewe. Ngigi akatazama stempu pale kwenye kona: malkia, na taji lake.

"Hii haiingii kwangu," alisema.

"Basi nikusomee hapa hapa nje, baba yake Wangu."

"Maneno yenyewe yamepita chini ya sanamu. Akitaka kusema na mimi, miguu anayo."

Kiplangat aliitia barua kwenye mkebe mtupu uliokuwa juu ya nguzo ya ua, akaenda zake.

Zikaja nyingine nne, zote zikaishia mkebeni. Kila jioni Ngigi alipita karibu na nguzo ile na kuugusa mkebe, kama mtu anayeangalia kama kuku ametaga. Alimkumbuka mtoto wake hadi akawa anaacha ugali sahanini. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani?

Masika yakaanza. Jumatatu moja Kiplangat alifika amelowa chapachapa, hata salamu hakutoa.

"Ngigi, Jumamosi Wangu alikuwa stesheni."

Ngigi akaweka jembe chini.

"Ameolewa na Wamalwa, fundi wa reli. Wanaenda Kisumu, halafu wanavuka ziwa kwenda Uganda. Gari lilisimama kidogo tu. Alishuka akakutafuta kwa macho, stesheni nzima. Aliniambia alikuandikia siku na saa, akakuomba uje umbariki. Nikamwambia hujafungua hata barua moja."

"Akasemaje?"

"Alirudi akapanda."

Jumamosi ile Ngigi alikuwa amesikia king'ora cha gari la moshi, akaendelea kupalilia.

Alikwenda kwenye nguzo, akaushusha mkebe kwa mikono miwili. Ulikuwa umejaa maji ya mvua, na barua zimekuwa uji. Kiplangat akazitenga moja moja, akazisogeza karibu na macho.

"Wino wote umetoka. Hapa naona 'Baba'. Hapa 'tafadhali'. Basi, hakuna kingine."

Stempu zilikuwa zimebanduka, zikaelea juu ya maji, tano, safi kabisa, malkia na taji lake. Ngigi akaigusa moja kwa ncha ya kidole.

"Hizi hushikaje kwenye karatasi?"

"Unailamba nyuma, kisha unaibandika."

"Aliilamba yeye? Kwa ulimi wake?"

"Nani mwingine?"

Ngigi alizitoa moja moja, akazikausha kwa pindo la shati. Kisha akafungua kilemba chake mbele ya Kiplangat, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya mtu, akazipanga ndani ya mkunjo, akakifunga tena.

Jumapili, ukingoni mwa msitu, Ephantus alikiwekea mkono kilemba kile, akamwomba Mungu amlinde mtumishi wake na sanamu za kila aina. Ngigi alisema amina, akarudi nyumbani peke yake.