Bao la Hamad kwenye Daftari la Karani

Ilikuwa mwaka wa tisini na sita. Hapana, tisini na saba, maana Hamad alikuwa keshahamia Woolwich na bendeji ilikuwa bado mkononi. Karani wa ligi ile ya mpira wa Kiaustralia, unaochezwa kwa mpira wa umbo la yai na milingoti minne kila upande, alikuwa Mpemba mmoja mtaratibu. Kila Jumanne alikuwa akikaa mkahawani Edgware Road, akiipangusa meza mara mbili kabla ya kufungua daftari. Kila tarakimu aliisoma kwa sauti ya chini ndipo akaiandika, na kalamu yake hakumwazima mtu.

Siku hiyo alikuja na rula. Timu ya kina Hamad ilikuwa imejitoa kwa kukosa wachezaji, na kanuni ilisema timu ikijitoa, mechi zake zote zinafutwa.

"Na bao langu, mzee wangu?" Hamad aliuliza. Ndilo pekee alilowahi kufunga. "Niachie hilo tu."

"Mechi haikuchezwa, mwanangu."

"Si ulikuwepo wewe! Si ulinipigia makofi?"

"Nilikuwepo," karani alisema, akiilaza rula. "Lakini haikuchezwa."

Alipofika kwenye jina la Hamad aliweka chini kalamu ya wino, akatoa ya risasi, akapiga mstari mwembamba, jina likabaki linasomeka. Kisha akaupuliza, kana kwamba risasi nayo hukauka.

Hamad akanyanyua mkono wenye bendeji, akauliza: "Basi kidole hiki nilikivunja wapi?"