Siku Tatu za Kunyamaza na Mdogo Wangu

Wakati wa Zaire nilikuwa karani wa serikali Kisangani, na kila asubuhi kabla ya kazi tulipangwa uwanjani kuimba na kucheza kumsifu Rais. Miguu ilichoka, masikio zaidi. Ndiyo maana niliposikia kuna monasteri msituni, kupita mtaa wa Kapalata, ambapo mgeni hukaa siku tatu bila kusema neno, nilifunga kitambaa changu kichwani nikaenda.

Nafika, nani yuko jikoni anachambua sombe, yale majani ya muhogo? Mdogo wangu, naye mgeni kama mimi. Yule yule ambaye sikumsemesha mwaka mzima.

Kosa lilikuwa lake, mpaka leo nasema. Kwetu binti akiolewa, wanawake wote wa familia wanashona kikwembe, yaani kitenge, cha aina moja. Binti yake aliolewa Mangobo, naye akasahau kunipa kipande changu. Nikatokea harusini na maua mekundu katikati ya mama wadogo na mashangazi wote waliovaa bluu. Mtu akaniuliza kama mimi ni jirani. Nilikasirika, wali nikauacha sahanini. Na kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, nilingoja aje kuniomba msamaha. Hakuja. Nilimkumbuka sana, siwafichi, lakini kichwa changu ni kigumu.

Sasa pale msituni kusema ni marufuku. Asubuhi tuliketi kimya, tukisikiliza pumzi zetu na ndege. Kisha mtawa mzee aliyepokea wageni akatugawia kazi kwa kidole: sisi wawili, kinu kimoja, michi miwili, sombe ya watu wote.

Siku ya kwanza tulitwanga tumenuna. Michi ikagongana, majani yakanirukia usoni. Siku ya pili mikono ikajikumbusha yenyewe: yeye akishusha, mimi napandisha, kama zamani kwa mama. Siku ya tatu akaurusha mchi juu, akapiga kofi, akaudaka. Ulikuwa mchezo wetu wa utotoni. Na ukubwa wangu wote, nikaurusha na mimi. Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Mtawa akaja mbio, kidole mdomoni. Mimi nilinyamaza papo hapo, mtu wa serikali ni mtu wa amri. Mdogo wangu hakunyamaza.

“Mon père, baba yangu, unisamehe,” akasema, machozi yakimtoka. “Huyu iko yaya yangu, dada yangu mukubwa. Mwaka muzima tulinyamaziana. Sisi kunyamaza yetu tulishamaliza.”

Mtawa akatuangalia, akavuta mlango wa jiko taratibu ili wageni wengine wasisikie, akatuacha tuongee.