Wa Kulea wa Bibi

Juzi wifi yangu alinionyesha picha ya bata mzinga kwenye simu yake, nikamrudishia simu papo hapo. Nilikuwa nimempakata mwanangu, lakini hasira ilinipanda kama mimi ndiye mtoto.

Nilipokuwa mdogo, mchana mmoja jikoni kwetu mtaani Khuwair kulinukia bizari na ndimu kavu. Bibi, aliyekuwa akinilea mama akiwa kazini, alimwambia mama, "Nna wa kulea huko Ansab. Maskini, wenyewe wamemtupa, na kabila lake linakwisha."

Basi nikajua amepata mtoto mwingine. Aliponichukua kwenda kumwona, nilivaa nguo yangu ya Idi, huyo mtoto aone mwenye Bibi ni nani. Garini niliukalia makusudi mfuko wa mboga aliombebea.

Tuliingia kwenye banda la ndege waliookolewa, linanuka mavi na nyasi mbichi. Akatoka bata mzinga, shingo nyekundu, sauti kama mtu anayesukutua.

"Ndiye huyu?" nikauliza.

"Ndiye. Msalimie mwenzio."

Leo najua kuwa watu hufadhili chakula cha ndege wa mbegu adimu kama yule, wala si ajabu. Hata siku ile ningecheka. Lakini Bibi alimwita "roho yangu," na jina hilo lilikuwa langu peke yangu.

"Mrudishe kwao!" nikalia.

Bibi akachuchumaa, akafungua mikono. "Njoo, roho yangu."

Tulikimbia sote wawili. Bata mzinga akafika kwanza.