Miguu ya Mwitaliano

Wenzangu, mimi fundi wa nguo hapa Kianda, Kibera, nimeaibika mbele ya kanisa zima. Jumapili iliyopita rafiki yangu Mama Njeri alinialika kanisani kwao Kawangware, jiwe la ukumbusho likizinduliwa.

"Ni la Mwitaliano wa zamani," akaniambia. "Alitoka pwani kwa miguu mpaka ziwani, kabla Nairobi haijakuwa mji."

Kwa miguu! Mimi nikipanda tu kutoka Kibera mpaka kwao, magoti yanalia. Njia nzima nilimwaza mtu huyo, na simba, na mito, na kiu aliyopitia.

Kufika, nikaona mzungu mzee mwenye ndevu nyeupe ameketishwa mbele kabisa, kando ya jiwe. Nikajua ndiye. Nikapenya katikati ya watu, nikapiga magoti, nikashika kiatu chake kwa mikono miwili.

"Mzee," nikasema huku machozi yakinitoka, "kweli ni miguu hii iliyotoka pwani?"

Mzee akaniinamia, akajibu polepole kwa Kiswahili safi:

"Pole, mama. Yule alikufa kabla babu yangu hajazaliwa. Mimi nimeletwa na teksi."